Corolla ya Mwaka 1998 na Hesabu ya Uchakavu

Dar es Salaam ukitangaza kwamba unauza gari, watu hawaanzi kuuliza injini wala kilometa. Wanauliza namba. Ukijibu namba E, mnunuzi anasogea. Ukijibu namba B, anauliza bei kwa sauti ya mtu ambaye ameshaishusha kichwani. Herufi ile inayofuata tarakimu tatu za kibao inasema gari lilisajiliwa lini hapa nchini, basi. Haisemi lilitengenezwa lini, haisemi nani aliliendesha, wala haisemi kama mwenye gari anamwaga oili kwa wakati au anangoja mpaka injini ianze kugonga.

Mimi ninaendesha Corolla 110 ya mwaka 1998, namba B. Niliinunua mwaka 2017 kwa shilingi milioni 4.8 kutoka kwa mwalimu mstaafu, na mpaka leo ndiyo inayopeleka watoto shule. Naiandika humu kwa sababu kila msimu wa bajeti mjadala wa magari chakavu unarudi, na wanaozungumza wengi ni wa aina mbili: wanaotaka magari haya yafutwe, na wanaoyatetea kana kwamba hayana ubaya wowote.

Majirani wameshaamua. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu litengenezwe kuingia nchini. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia yenye miaka 15 na zaidi. Sisi Tanzania hatukuweka ukomo, tuliweka ushuru wa uchakavu: gari dogo la miaka 8 hadi 10 linatozwa asilimia 15, lililozidi miaka 10 asilimia 30, na hiyo ni juu ya ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT. Nionavyo mimi, umri ni kipimo kibovu cha usalama wa gari. Nchi inayotoza uchakavu bandarini bila kuukagua barabarani inamlipisha aliyeagiza gari zuri la miaka 11, na kumwacha anayeendesha gari bovu la miaka 25 apite.

Tuanzie yanakotoka. Japani gari jipya linakaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi wenyewe ni wa gharama, na gari la petroli likishafika miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda. Mjapani akipiga hesabu anaona bora aliuze. Gari lenyewe bado zima: limeendeshwa kwenye lami safi, limefanyiwa sevisi kwa ratiba. Ndiyo maana yadi zetu zimejaa Vitz, IST na Passo ambazo kwao zilishachoka kwa makaratasi, huku injini zikiwa na nusu ya maisha mbele. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyosafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018, na asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati. Sisi ndio soko. Si aibu kuwa soko, ila ni lazima tujue tunachonunua.

Sasa hesabu ya nyumbani. Ninalo daftari la gari, na mwaka jana liliandikwa hivi, petroli kando: oili na filta mara nne, 320,000. Shokapu mbili za mbele, 180,000. Rejeta, 160,000. Betri, 150,000. Bolijointi na bushi, 140,000. Matairi mawili mapya, 260,000. Breki pedi, 45,000. Bima ndogo, 118,000. Ufundi wa hapa na pale, 210,000. Jumla ni shilingi 1,583,000, karibu 132,000 kwa mwezi.

Mwenzangu kazini alinunua IST kwa milioni 14, mkopo wa miaka mitatu. Milioni 14 ukiigawa kwa miezi 36, bila kuweka riba, ni kama 389,000 kila mwezi, na makato yanaingia mshahara uwe umetosha au haukutosha. Gari langu nami ninalilipia kwa vipande, lakini vipande vyangu ninaweza kuvipanga. Shokapu ikianza kuvuja ninaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Mwezi wa ada za shule ninafanya sevisi tu na kutembea taratibu. Familia nyingi za mji huu fedha zake zinaingia kidogo kidogo: mshahara, biashara ya mke, shamba la Mkuranga, mchezo wa kikoba. Gari la zamani linakubali kulipwa kwa mtindo huohuo. Nadhani wanaoandika sera hawalioni hili, kwa sababu wao gari lao hulipiwa kwa mkupuo.

Kuna sera moja ilitufaa, niitaje. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Kabla ya hapo deni lilikuwa likipanda hata gari likiwa juu ya mawe uani. Siku hizi anayetembea kidogo analipa kidogo. Kwa mwenye gari la kwenda kanisani, msikitini na sokoni, hiyo ni nafuu ya kweli.

Kilichokosekana kwenye daftari langu ni siku. Mwaka jana gari lilikaa gereji siku 11. Fundi akisema kesho asubuhi, kesho hiyo inaweza kuwa Alhamisi. Siku hizo mtoto anapanda bodaboda kwenye mvua na mimi naingia ofisini nimechelewa. Siku hizo hazina risiti. Anayekushauri ununue gari la milioni nne bila kukuambia habari ya siku hizo hajakushauri vizuri.

Na raha je? Ipo, na si ndogo. Desemba moja tulikuwa tunapanda Kitonga kwenda Iringa, watu watano na mizigo, malori yamejipanga mbele yetu yanakwenda mwendo wa kinyonga. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Kwenye gari la kisasa taa ingewaka na mimi ningebaki kuikodolea macho. Hili nalijua. Nikazima kiyoyozi, nikafungua vioo vyote, nikawasha hita mpaka mwisho ili feni yake ivute joto la maji ya injini na kulileta ndani kwetu. Watoto walilalamika wakichuruzika jasho. Mama watoto aliuangalia mshale, akaniangalia mimi, hakusema kitu. Mshale ukasimama, ukatulia, ukarudi unywele mmoja. Tulipofika Ilula tukashuka kununua nyanya, nikafungua boneti, nikakaa kando ya barabara nusu saa nikingoja injini ipoe kabla ya kugusa kifuniko cha rejeta. Sijawahi kuwa karibu na mashine yoyote kama siku ile.

Raha ya gari la zamani ni hiyo ya kulifahamu. Injini ya 5A ukifungua boneti unaona kila kitu: plagi hizi hapa, alternata ile pale, mkanda huu. Mkanda wa taiming ukikatika injini inazima, unavutwa mpaka gereji, unafungwa mpya na safari inaendelea, kwa kuwa valvu za injini hii hazigongani na pistoni. Spea zake zimejaa Kariakoo, Gerezani: kuna orijino, kuna ya Taiwani, kuna iliyotumika iliyoshushwa kutoka Sharjah ndani ya kontena pamoja na milango na taa. Unamjua muuzaji, naye anakujua, atakuambia "hiyo usichukue, kaka, itakurudisha hapa kabla ya mwezi". Na gari ambalo kulikwaruza hakuumizi roho ndilo gari la mtaa mzima. Langu limebeba mjamzito saa nane usiku, limebeba viti vya msiba, limebeba magunia ya mkaa. Mwenye gari jipya la mkopo naye ana moyo, lakini hesabu yake inamkataza.

Sasa niseme la upande wa pili, maana ndilo linaloninyima usingizi. Bolijointi niliyoitaja kwenye daftari niliibadilisha kwa bahati. Nilikuwa nimepeleka gari kwa ajili ya oili, fundi akaliinua, akashika tairi la mbele juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akaniita: "Bosi, njoo uone kwa macho yako." Akaingiza nondo chini, akabinya, na ile pini yenye kichwa cha mviringo ikapanda na kushuka ndani ya kikombe chake kama jino bovu. Mpira wake ulishapasuka zamani, grisi imeisha, mchanga umeingia. "Ukienda nalo hivi Morogoro, tairi litalala." Wiki mbili kabla nilikuwa nimeshakwenda nalo Morogoro na kurudi, kilometa karibu 400, mwendo wa 80 na zaidi, mabasi yakinipita. Ndani ya gari sikusikia chochote zaidi ya mlio mdogo kwenye matuta, na redio ilikuwa juu.

Kama lingelala, lingelala mbele ya mtu mwingine. Vipande vile ninavyojisifu kuvipanga kwa mwezi, vingine havipangiki. Shokapu inasubiri, rangi inasubiri, kiyoyozi kinaweza kufa kabisa. Breki, tairi, bolijointi na tairodi havisubiri. Tairi nalo lina tarehe yake: tafuta tarakimu nne ubavuni, 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata nzuri na ndani likawa limekauka kama mkate wa juzi. Watu wanalinunua kwa kuangalia kashata.

Hewa nayo ni ya wote. Kwenye bomba la moshi la magari mengi ya petroli kuna kile mafundi wanachokiita masega, kifaa cha kusafisha moshi chenye madini ya platinamu na paladiamu ndani. Kwa sababu ya madini hayo, kuna wanaoyanunua kwa fedha nzuri, na mwenye gari aliyebanwa anayatoa, anaunganisha bomba tupu, anaendelea na safari. Magari mawili ya mwaka mmoja, rangi moja, namba zinazofuatana: moja lina masega na moja halina. Bandarini yalilipa ushuru sawa. Anayetembea nyuma ya lile la pili na mtoto mgongoni ndiye anayelipa tofauti. Ubaya mwingine unaanzia hukohuko ng'ambo: wakaguzi wa Uholanzi walipoyachunguza magari yaliyokuwa yakisafirishwa kwenda Afrika, walikuta mengi ni ya zamani sana na mengi hayana cheti halali cha ukaguzi.

Hapo ndipo ninapoukataa ushuru wa uchakavu kama dawa. Mwaka juzi nilitaka kubadilisha gari. Nilipiga hesabu ya kuagiza la miaka 12: asilimia 30 ya uchakavu ilipoingia, na VAT ikapanda juu yake, bei ilinishinda. Nikafanya walichofanya maelfu: nikabaki na la 1998. Ushuru uliokusudiwa kupunguza magari chakavu umeniongezea miaka ya kuendesha gari chakavu zaidi kuliko lile nililotaka kuleta. Serikali inapata fedha pale bandarini, hilo nalielewa. Ila tusiuite usalama.

Rwanda walichukua njia nyingine: gari linapelekwa kituo cha ukaguzi cha polisi, linapandishwa kwenye mashine, breki zinapimwa kwa namba, moshi unapimwa kwa namba. Kwetu gari binafsi linakutana na trafiki barabarani, na trafiki, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, anaona taa, kioo na stika. Hawezi kuona bolijointi akiwa amesimama dirishani. Faini ya 30,000 haijawahi kukaza nati.

Najua jibu litakalokuja: ukaguzi utakuwa mlango mwingine wa kitu kidogo, na utamuumiza mwenye kipato cha chini. Hoja ya kwanza ni nzito, na ndiyo maana ninataka mashine inayotoa karatasi yenye namba, karatasi ambayo ninaweza kuipeleka kituo kingine ikapingwa au ikathibitishwa. Ya pili siikubali. Bolijointi mbili na kazi yake hazifiki laki moja na nusu. Ukaguzi ukiwa wa vitu vinne tu kwa kuanzia, yaani breki, usukani na miguu ya mbele, matairi, na mikanda ya viti, gari la milioni nne linaweza kufaulu. Ushuru wa uchakavu nao ukipunguzwa, mtu wa kipato cha chini atakuwa amepata nafuu.

Kituo kikifunguliwa, Corolla yangu nitaipeleka wiki ya kwanza, na nadhani haitafaulu. Breki na matairi ni mazima. Ila mkanda wa kiti cha nyuma kushoto umekwama tangu mfungo wa Ramadhani, unavutika kidogo kisha unakataa, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake, nimekuwa nikimhamishia mtoto upande wa kulia.