Lami Haiokoi Mtu Majini

Ndugu wananchi wa Bukoba na Muleba,

Kiwanja chetu cha ndege kimebanwa na mji na vilima upande mmoja, na Ziwa Viktoria upande wa pili. Zamani njia yake ilikuwa ya changarawe. Baadaye ikatiwa lami, nasi tukafurahi. Haki yetu kufurahi. Mtu wa huku akienda Dar es Salaam kwa basi hupita mchana na usiku njiani.

Lakini lami haiokoi mtu majini. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani katika hali mbaya ya hewa, karibu kabisa na kiwanja. Ilikuwa na watu 43. Waliokufa ni 19, waliopona ni 24. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi, na vyombo vyao ni mitumbwi, makasia na kamba.

Kijana mmoja, mvuvi Majaliwa Jackson, alipewa shilingi 1,000,000 na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Vyema sana! Lakini je, kumtoa mvuvi mmoja mwaloni kumewaacha wenzake na nini? Wao ndio watakaokuwa karibu siku nyingine.

Wako watakaosema: wavuvi wetu ni mashujaa, yatosha. Hayatoshi. Wazee wanakumbuka MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Meli ilipopinduka karibu na Mwanza, ilitobolewa ili kuwatoa waliokuwa hai ndani; hewa ikatoka, meli ikazama. Moyo ulikuwapo, maarifa yalipungua. Mamia ya watu walikufa.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, boti ya uokoaji yenye mashine, ikae majini karibu na kiwanja pamoja na wafanyakazi wake, usiku na mchana. Pili, wavuvi wa mialo ya jirani wafundishwe namna ya kufungua mlango wa ndege na kumsaidia aliyekunywa maji, na wafanye mazoezi kila mwaka. Tatu, madiwani na wabunge wetu watuambie hadharani kila mwaka yaliyotimizwa.

Nasi tusingoje. Kila tawi liulize swali hili katika mkutano wake ujao, na jibu liandikwe. Kiwanja ni mali yetu, na wanaoshuka pale ni ndugu zetu.