Tusiupige Saruji Uwanja Wote wa Msikiti



 Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, tunaomba tuzungumze juu ya uwanja wa msikiti wetu.

Wengi mnakumbuka ile Jumamosi ya mwisho wa Novemba, siku ya umuganda. Tulitoka na majembe, vijana wakachimba mashimo, tukapanda miche 40. Tulipiga picha, tukasoma dua, tukaenda zetu. Mvua za Umuhindo na za Itumba zikaitunza miche ile bila sisi kunyanyua hata kopo. Ilipofika Impeshyi, mvua ikakatika kuanzia Juni. Mwishoni mwa Agosti tulihesabu: imebaki mitatu.

Sasa baadhi ya wazee wetu wanasema kwamba bustani imeshindikana, basi uwanja wote upigwe saruji, tupate pa kuegesha magari na vumbi liishe. Tunawaheshimu wazee wetu, na vumbi kweli linatusumbua. Lakini katika hili tunaomba tutofautiane nao kwa adabu.

Mwezi huohuo wa Agosti tuliwapeleka watoto wa madrasa Ruhande, katika shamba la miti lililo jirani na chuo kikuu hapa Huye. Njiani nyasi zilikuwa zimekauka na barabara imejaa vumbi jekundu. Tulipoingia chini ya miti, palikuwa kijani, kivuli na ubaridi. Watoto walianza kukimbizana na tumbili. Mmoja akauliza, "Ustadhi, hapa nani anamwagilia?"

Lilikuwa swali zuri. Miti mikubwa haimwagiliwi na mtu. Mizizi yake imeshuka chini sana, na majani yanayoanguka yanaifunika ardhi isikauke. Lakini mti haufiki umri huo bila mtu kuulea ungali mdogo. Ruhande ilianza kupandwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, zama za Wabelgiji, ili ijulikane ni miti gani inafaa kwa mbao na kuni katika nchi hii. Leo ina ukubwa wa hekta 200 hivi na aina zaidi ya 200 za miti, ya kienyeji na ya kigeni, na mikaratusi ya namna nyingi. Kutoka hapo mbegu zimesambazwa katika vilima vya nchi nzima.

Jambo lililotugusa zaidi ni mpangilio wake. Eneo lile halikupandwa ovyo. Limegawanywa katika viwanja vidogo vya mita 50 kwa 50, na kila kiwanja kina miti yake inayojulikana. Kwa hiyo ukipita leo, baada ya miaka zaidi ya 90, unaweza kuulizia habari za kiwanja fulani ukajibiwa.

Hapo ndipo tulipokosea sisi. Miche yetu 40 ilikuwa ya wote, na cha wote hakina mwenyewe. Hakuna aliyeulizwa, "Mche wako uko wapi?" Kwa maoni yetu ukame haukuwa sababu kubwa. Kila mwaka kuna Impeshyi, na sote tulijua inakuja.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Tuzingatie: thawabu imetajwa pamoja na kuliwa. Mche uliokufa mwezi wa Agosti haumlishi ndege. Nia yetu Allah anaijua, lakini amana tuliiacha njiani.

Basi rai yetu ni hii. Nusu ya uwanja iwekwe saruji kwa ajili ya magari na wazee wasiokanyaga matope. Nusu ya pili igawanywe vitalu vidogo, kila kimoja na mwenyewe: darasa la madrasa, familia, au chumba cha wanafunzi wa bweni. Jina liandikwe kwenye kibao.

Kuhusu maji, tunayo. Tukichukulia watu 100 wanatawadha kwa lita tatu kila mmoja, hizo ni lita 300 kwa swala moja, yaani majerikani 15 yanayokwenda mtaroni. Maji ya udhu hayana sabuni wala najisi, madhali mfereji wake umetengwa na wa choo. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya kutawadhia tena maji yaliyotumika, lakini kumwagilia mimea hakuna tatizo. Wala hii isiwe sababu ya kufungua bomba ovyo: Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki hata lita moja.

Na tupande kwa kufuata misimu, ili uwanja upendeze mwaka mzima. Umuko hutoa maua yake mekundu wakati wa jua, matawi yakiwa makavu. Bogenvilia nayo hupenda jua. Avoka itupe kivuli na matunda. Mama zetu, ambao tayari wana akarima k'igikoni nyumbani, watufundishe kupanda dodo, vitunguu na karoti, familia yenye dhiki ipate mboga bila kuomba.

Tunajua kuna atakayesema kwamba fedha ni bora ziende kwenye madrasa. Tunakubali madrasa ni muhimu. Lakini mtoto aliyepewa mche akiwa na miaka saba, akaumwagilia kila baada ya Alasiri, amefundishwa amana kwa mikono yake. Somo hilo hatujui ubao unaoweza kulifundisha vizuri zaidi. Saruji nayo ina gharama, na katika vilima vyetu hivi maji ya mvua yasiyopata udongo wa kuyanywa yatateremka kwa jirani aliye chini.

Ile miche mitatu ingali hai. Tuliuliza, tukaambiwa kuna bibi mmoja wa jirani aliyekuwa akiimwagia maji ya kuoshea mboga. Hakuna aliyemtuma. Allah amlipe kheri.

Wazee wetu, kabla ya gari la mchanga kuitwa, tunaomba mtupe Impeshyi moja tu. Tukishindwa tena, tutabeba saruji kwa mikono yetu wenyewe.