Tamponi Fizi na Baraka: msichana aelezwe kabla ya kujaribu

Msichana wa Baraka anapoanza kwenda mwezini, hutumia kile alichotumia mama yake au dada yake: kitambaa, au pedi, ambayo wengi huiita kotex hata ikitoka kiwanda kingine. Tamponi bado ni ngeni. Lakini biashara inavuka ziwa kutoka Kigoma, nyingine inapita barabara mbovu ya Uvira, na vijana wenye simu wameshaiona. Wako watakaoijaribu, na heri waelezwe mapema.

Kwanza ni kuchagua. Tamponi hazipimwi kwa umri wala kwa umbo la mwili, bali kwa kiasi cha damu zinachonyonya. Ya kawaida hunyonya gramu 6 hadi 9, ya super gramu 9 hadi 12. Kwenye boksi nyingi kumechorwa matone: yakiwa mengi, tamponi inanyonya zaidi. Anayeanza achukue yenye matone machache. Dukani mtu huvutwa na kubwa, akidhani moja itamtosha siku nzima. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Marekani iliijua hatari hiyo mwaka 1980, pale kampuni ya Procter & Gamble ilipoondoa sokoni tamponi zake za Rely. Zilinyonya sana, na zilihusishwa na ugonjwa unaoletwa na sumu ya bakteria, ambao uliua wanawake. Ugonjwa huo ni wa nadra, lakini unaua haraka. Ndiyo sababu tamponi hubadilishwa kila baada ya masaa 4 hadi 8, wala haipiti masaa 8, hata usiku.

Huku Fizi kuna shida ya ziada. Dalili zake ni homa kali ya ghafla, kutapika, kuhara, kizunguzungu, na ngozi kuwa na wekundu kama iliyochomwa na jua. Mahali ambapo malaria ni ya kila siku na kipindupindu hurudi mara kwa mara, muuguzi atafikiria nini kwanza? Msichana akinyamaza kwa aibu, anaweza kutibiwa malaria huku masaa yanapita. Akiona dalili hizo aitoe tamponi mara moja, akimbilie kituo cha afya na kusema wazi alikuwa anatumia nini. Na muuguzi naye aulize, kwa faragha, si mbele ya foleni ya wagonjwa.

Halafu kuna maji. Tamponi huingizwa kwa mikono iliyonawa kwa sabuni. Mwanafunzi anayetembea mbali kwenda shule, na ambaye choo cha shule hakina mlango wala ndoo ya maji, atabadilishia wapi? Kwake pedi ni salama zaidi, au kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni na kukaushwa juani. Juani, si chini ya kitanda, ambako wengi hukificha kikabaki na unyevu. Tamponi imfae yule mwenye sabuni, maji safi, mahali pa kujisitiri na namna ya kuhesabu masaa.

Wazazi wengi wana hofu nyingine: ubikira. Wasidanganywe kwa upande wowote. Kizinda kina uwazi ambamo damu ya hedhi hupita, na huvutika. Kwa wengine kinaweza kuchanika kidogo kwa tamponi, kama kinavyoweza kuchanika kwa michezo. Lakini msichana ambaye hajalala na mwanamume bado ni bikira, na hakuna tamponi inayobadilisha hilo. Mama akilisema hili nyumbani, binti hatalitafuta kwa marafiki.

Wanaouza na wanaogawa vifaa vya usafi wa kike wana deni hapa. Karatasi iliyo ndani ya boksi mara nyingi ni ya Kifaransa au Kiingereza, na huishia jalalani. Dukani Baraka iwepo ya Kiswahili, vijijini mtu aeleze kwa Kibembe, na katika kambi ya Lusenda, wanakoishi wakimbizi wa Burundi, kwa Kirundi. Maneno yenyewe ni machache: anza na ndogo, nawa mikono, usizidishe masaa 8, usiweke mbili kwa pamoja, na siku ya mwisho hakikisha umeitoa ya mwisho.