Herufi nne hazitoshi kusema asante

Mtu anaficha kikopo msituni, chini ya daraja, au nyuma ya jiwe la ukuta wa zamani. Ndani yake anaweka kidaftari na penseli. Kisha anatangaza mahali hapo kwa namba za latitudo na longitudo. Mtu mwingine, asiyemjua, anazifuata namba hizo kwa simu au kwa kipokezi cha GPS, anatafuta mpaka anakipata, anaandika jina lake la mchezo na tarehe, anakirudisha palepale alipokikuta na kwenda zake. Akifika nyumbani anamwandikia mfichaji ujumbe kwenye intaneti. Huo ndio mchezo wa jiokashingi. Hauna refa wala kombe, na mara nyingi mfichaji na mtafutaji hawaonani maisha yao yote.

Kwetu mchezo huu haujulikani sana. Nauleta katika jarida la watu wa lugha kwa sababu wachezaji wake wana ugomvi mmoja ambao unatuhusu sisi kabisa: maneno gani yanatosha kusema asante?

Historia yake ni fupi. Mwanzoni mwa Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, Marekani iliacha kuvuruga makusudi ishara za GPS zinazotumiwa na raia, na usahihi wake ukaongezeka karibu mara kumi. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer aliacha ndoo katika msitu ulio karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani mlikuwa na vitabu, kanda ya video, pesa kidogo, kopo la maharage na vitu vingine, pamoja na daftari. Sharti lilikuwa jepesi: chukua kitu, acha kitu. Siku chache baadaye Mike Teague aliipata ndoo hiyo, akawa mtafutaji wa kwanza. Mwezi haujaisha, mchezo ulikuwa umekwisha kupewa jina.

Kutoka kwenye sharti lile imekua adabu nzima. Ukichukua kitu, acha chenye thamani sawa au zaidi. Usiweke chakula, maana wanyama watakinusa na kuharibu kikopo. Kidaftari kikijaa au kikilowa, mjulishe mwenyewe. Watu wakiwa wanapita, ngoja wapite. Ukikitoa mbele yao, kesho huenda kisiwepo. Usimwambie mwenzako kilipo bila yeye kuomba, kwa sababu utamnyang'anya furaha ya kukigundua. Hata kidokezo cha mfichaji huandikwa kwa fumbo: kila herufi inasogezwa nafasi 13 katika alfabeti, A inakuwa N, B inakuwa O, ili asiyetaka msaada asiusome kwa bahati mbaya.

Na ukitafuta ukakosa, andika kwamba umekosa. Adabu hii naiheshimu kuliko zote. Kuandika "sikukipata" mbele ya wenzako si jambo tamu. Lakini mfichaji akiona watu watatu wamekosa mfululizo, anatambua kwamba pengine kikopo kimeibiwa au kimesombwa na maji, na anakwenda kuangalia. Anayekubali kuonekana ameshindwa anamsaidia yule atakayekuja nyuma yake.

Kama kila jamii, wachezaji wamejitengenezea msamiati. Asiyecheza wanamwita muggle, neno walilolitoa katika vitabu vya Harry Potter vya J. K. Rowling, ambamo lina maana ya mtu asiye na uchawi. Wachezaji wa Kifaransa wanasema moldu, kama ilivyo katika tafsiri ya Kifaransa ya vitabu hivyo. Asante nayo imegeuzwa herufi: kwa Kiingereza TFTC, kwa Kifaransa MPLC, kwa Kijerumani DFDC. Zote tatu ni kifupi cha "asante kwa kikopo". Tuangalie kwamba Wafaransa na Wajerumani hawakutosheka kuzikopa herufi za Kiingereza. Walitafsiri sentensi nzima kwanza, kisha wakaifupisha kwa lugha yao.

Ugomvi unaanzia hapo. Mfichaji alipanda kilima kutafuta mahali penye mandhari nzuri, akatengeneza kisanduku kwa mikono yake, na kila mara anarudi kubadilisha kidaftari kilicholowa. Malipo yake ni ule ujumbe tu. Anaufungua, anakuta herufi nne. Wafichaji wengi wanaona huo ni utovu wa adabu. Watafutaji wanajibu kwamba asante ni asante, iwe ndefu au fupi.

Kwa mwanaisimu, jibu la watafutaji lina nguvu. Tangu Malinowski alipoandika mwaka 1923 juu ya maneno ambayo kazi yake ni kuwaunganisha watu kuliko kupeleka habari, tunajua kwamba maneno matupu yana kazi. Salamu zetu ndivyo zilivyo. "Jambo." "Jambo." "Habari?" "Muzuri." Hata mwenye msiba anaweza kujibu "muzuri" kwanza, ndipo asimulie yaliyompata. Hakuna anayemshitaki kwamba amesema uongo, wala anayesema salamu hiyo ni bure. Kwa nini basi TFTC iumize?

Naona sababu ni hii: salamu haiji peke yake. Inakuja na mkono, na macho, na ule muda uliosimama juani ukimwuliza mama habari za watoto na za shamba. Muda huo ndio ujumbe wenyewe. Mtafutaji wa kikopo hana mkono wa kutoa wala uso wa kuonyesha, kwa maana mfichaji hayupo. Hana kitu ila maneno, na akiyapunguza mpaka yakabaki herufi nne, hakubaki chochote kilichosimama mbele ya mwenzake.

Kuna sababu ya pili. TFTC inaweza kubandikwa kwenye kikopo chochote duniani, hata na mtu ambaye hakuinuka kwenye kiti chake. Shukrani isiyoweza kumtofautisha aliyefika na asiyefika haimwambii mfichaji kwamba kazi yake imeonekana. Ndiyo sababu sikubali kwamba kosa liko katika ufupi. "Kunguru wawili walinilindia daraja lako, asante" ni maneno sita tu, lakini aliyebaki nyumbani asingeweza kuyaandika.

Watanijibu kwamba kuna njia zenye vikopo vingi mno. Kule Nevada, kandokando ya barabara iliyopewa jina la E.T., viliwekwa zaidi ya vikopo 1000, na watu hufungua mamia kwa siku moja. Je, waandike barua mamia? Hapana. Shukrani ipimwe kwa kazi iliyofanywa. Aliyepanga vikopo vinavyofanana kandokando ya lami hajaomba barua kwa kila kimoja. Ujumbe mmoja mzuri kwa njia nzima unamtosha. Lakini aliyepanda kilima kwa ajili yako anadai zaidi.

Sasa, wenzangu, tufungue kazi zetu wenyewe za kumaliza masomo, tusome ukurasa wa shukrani. Mwishoni utakuta karibu kila mara sentensi ile ile: tunawashukuru "wote ambao, kwa karibu ao kwa mbali, walichangia kufanikisha kazi hii". Hiyo ndiyo TFTC yetu. Nasi tumeitafsiri kutoka Kifaransa, kama wachezaji wa Kifaransa walivyotafsiri yao kutoka Kiingereza. Inabandikwa kwenye kazi yoyote, na haimwonyeshi mtu yeyote.

Mara nyingi anayefichwa ndani ya sentensi hiyo ndiye mwenye lugha. Sisi wa lugha za Kiafrika tunakwenda kijijini na orodha ya Swadesh ya maneno 100, pengine 200. Mama mzee anaacha jembe, anakaa nasi, anarudia neno moja mara nne mpaka sikio letu linashika toni. Tunarudi mjini na sauti yake katika simu. Katika kazi iliyochapwa, profesa anapata jina lake kamili na vyeo vyake vyote, na yeye anakuwa "mtoa habari wa 3".

Najua kuna sababu nzuri za kuficha majina. Wengine hawataki kutajwa, na katika sehemu za nchi yetu kumtaja mtu kunaweza kumletea hatari. Lakini kuficha jina si kuficha kazi. Tunaweza kuandika kwamba mkulima mmoja, mama wa umri mkubwa, ndiye aliyetuonyesha kwamba maneno mawili tuliyodhani ni moja yanatofautiana kwa toni. Sentensi kama hiyo inathibitisha kwamba tulifika, tulikaa, na tulisikiliza. Na mambo ambayo hatukuyapata, tuyaandike pia wazi, ili atakayefuata ajue pa kuanzia.

Tena, chukua kitu, acha kitu. Nakala ya sauti katika kadi ya kumbukumbu na orodha ya maneno iliyochapwa kwenye karatasi mbili si gharama ya kumshinda mwanafunzi. Wajukuu wa yule mama wangeweza kusikiliza, na hata kutusahihisha.

Kwa waalimu wetu nina ombi moja. Siku ya kutetea kazi, mnatuuliza juu ya nadharia, mbinu na maandishi tuliyosoma. Ongezeni swali moja: kule kijijini mliacha nini?