Unapokwenda Hospitali, Tazama Ndoo



Ni nadra mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa kufikiri habari za taka. Mkononi hubeba chupa ya chai na kikapu cha matunda. Moyoni hubeba wasiwasi wake. Nami nilikuwa hivyo hivyo siku nilipokuwa nikimuuguza shangazi yangu katika hospitali moja ya mjini. Nilimmenyea chungwa, akala, nami nikainuka na kuyatupa maganda katika ndoo iliyokuwa karibu. Ndoo hiyo ilikuwa ya njano. Kando yake ilikuwapo nyeusi, lakini sikuitazama.

Mama mmoja mhudumu wa usafi, aliyekuwa akipiga deki, alisimama. "Baba," aliniambia kwa upole, "hiyo si ya maganda. Ya maganda ni ile nyeusi."

Nilimwomba radhi, kisha nikamwuliza kama kosa hilo lina uzito wowote. Hakunijibu mara moja. Alivua glavu akanionyesha kidole gumba. "Hapa ndipo sindano iliponichoma. Ilikuwa katika mfuko mweusi, pamoja na maganda na chupa za maji. Mtu aliitia humo kwa haraka zake. Nilimeza dawa siku ishirini na nane. Majibu yalikuwa mema, namshukuru Mungu. Lakini siku zile, baba, usiziombe."

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba yapata asilimia 85 ya taka zote za hospitali ni taka za kawaida kama zile za nyumbani: karatasi, maboksi, mabaki ya chakula. Ni asilimia 15 tu zilizo na hatari, kama vile sindano, bandeji zenye damu, dawa na kemikali. Lakini wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Bandeji moja yenye damu ikitumbukia katika mfuko wa karatasi, mfuko mzima huhesabiwa kuwa wa maambukizi. Na sindano moja ikipotea humo, huweza kumfikia mhudumu, au mpagazi wa gari la taka, au mtoto anayeokota chupa jalalani. Aliyechomwa na sindano iliyotoka kwa mwenye homa ya ini aina ya B, naye hajapata chanjo, hatari yake ya kuambukizwa hufikia asilimia 30.

Aidha, taka za maambukizi aghalabu huchomwa moto. Kila ganda la chungwa linaloingia katika ndoo ya njano hula mafuta ya tanuri bure, na fedha hizo zingeweza kununua dawa. Tena, baadhi ya plastiki zikichomwa kwa moto hafifu hutoa sumu iitwayo dioksini, ambayo huchukuliwa na upepo, ikatua majanini, ikaingia katika maziwa na nyama. Hivyo hospitali iliyojengwa ili kutuponya ikawa inawadhuru majirani zake.

Njia bora ipo. Taka za maambukizi zaweza kuuawa vijidudu kwa mvuke wenye joto kali, kama vinavyotakaswa vyombo vya upasuaji, pasipo moshi wa tanuri. Tanzania, pamoja na Ghana, Madagascar na Zambia, imo katika nchi zilizoshiriki mradi wa Umoja wa Mataifa wa kueneza mitambo ya namna hiyo. Lakini mtambo wowote hulemewa iwapo taka hazikutenganishwa pale pale zinapozaliwa, yaani kando ya kitanda cha mgonjwa. Na hapo kando ya kitanda, ndugu msomaji, ndipo tunapokaa mimi na wewe.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuulize kabla ya kutupa. Kuuliza si aibu. Pili, tusimshurutishe daktari atupige sindano. Wengi wetu tungali tunaamini kwamba asiyepigwa sindano hakutibiwa, ilhali mara nyingi kidonge hutosha. Duniani hupigwa sindano zipatazo bilioni 16 kwa mwaka, na kila moja isiyo ya lazima ni bomba moja zaidi na hatari moja zaidi kwa mtu asiyehusika. Tatu, wenye kujidunga sindano za kisukari nyumbani waziweke katika chombo kigumu chenye mfuniko, kisha wakipeleke kituo cha afya. Wasizitie katika pipa la nyumbani. Nne, dawa zilizopita muda wake tusizimwage chooni wala kuwaachia watoto wazichezee, bali tuzirudishe kwa mfamasia na kumwomba ushauri.

Siku shangazi aliporuhusiwa kutoka, nilimtafuta yule mama ili nimuage. Nilimkuta mwisho wa wodi akiifunga mifuko, mmoja mmoja, akiishika shingoni na kuiweka mbali na miguu yake. Aliigusa kama mtu asiyejua kilichomo. Hapana budi sisi tunaotupa tumpe mama huyo, na wenzake wote, haki ya kujua.

Tukutane Jumapili ijayo.