Utitiri wa Nyuki: Kiriaini Wanahesabu, Sisi Pwani Twangoja Nini?

Siku hizi ni nadra kuona mradi wa vijana au wa akina mama usio na mizinga ndani yake. Mizinga inapakwa rangi, mkubwa anakuja kukata utepe, picha zinapigwa. Nyuki wakiingia au wasiingie, hiyo ni habari nyengine. Kitu ambacho sijakiona kikigawiwa pamoja na mzinga ni chupa ya kuhesabia utitiri, na chupa hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumza leo, kwa sababu kuna pesa za watu zinaelekea kumwagwa kwenye dawa kabla hata mtu hajajua kama anaumwa.

Utitiri wenyewe unaitwa varoa. Ni mdudu mwekundu wa kahawia, bapa kama kaa mdogo, mpana kidogo kuliko urefu wake, hafiki milimita mbili. Anajibana chini ya tumbo la nyuki na kula mafuta ya mwili wake. Anapotaka kuzaa anaingia ndani ya seli yenye jana, muda mfupi kabla nyuki hawajaifunika kwa nta, na humo ndani anataga. Nyuki anayekulia pamoja naye hutoka dhaifu, na pengine na mabawa yaliyojikunja, maana utitiri huu hubeba virusi pia. Asili yake ni nyuki wa Asia. Ulionekana Afrika Kusini mwaka 1997, karibu na Cape Town, na hapa Kenya watafiti waliutangaza mwaka 2009. Kwa hiyo si mgeni tena. Ni mpangaji.

Nilipopita Kiriaini, pale mpakani mwa Murang'a na Nyeri kwenye barabara ya kwenda Othaya, nilikaribishwa na mzee mmoja ambaye mizinga yake iko nyuma ya shamba la chai. Nilitarajia kuonyeshwa asali. Yeye alinionyesha chupa ya jemu. Kifuniko chake amekikata katikati na kutia wavu wa dirisha, wenye matundu ambayo nyuki hapiti lakini utitiri unapita. "Kijana wa Mombasa," akaniambia, "asali utaila baadaye, kwanza tuhesabu."

Kazi yenyewe haina makuu. Alfajiri, kabla jua halijawachemsha nyuki (na wa huko wana hasira kama wetu), unapuliza moshi, unatoa fremu yenye majana, unahakikisha malkia hayupo juu yake. Unakung'uta nyuki kwenye beseni, unachota nusu kikombe. Hiyo ni kama nyuki 300. Unawatia chupani, unafunga, unapitisha wavuni vijiko viwili vya sukari iliyosagwa ikawa unga mlaini, kisha unaizungusha chupa polepole mpaka nyuki wote wawe weupe kama wametoka kinuni. Unangoja dakika moja au mbili. Sukari inaufanya utitiri uteleze miguu. Halafu unaigeuza chupa na kuitikisa juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo: sukari inayeyuka, utitiri unabaki ukionekana wazi. Nyuki unawarudisha nyumbani wakiwa wazima, wanalambana sukari.

Hesabu ni ya darasa la nne. Ukipata utitiri tisa katika nyuki 300, ni tatu kwa kila mia. Mzee huandika kwa penseli kwenye ubao wa mzinga wenyewe, tarehe na idadi. Safu ya namba zile ilinifundisha zaidi ya semina nyingi nilizokalia viti vya plastiki.

Utitiri mwingi, lakini, hauko juu ya nyuki. Umo ndani ya seli zilizofunikwa. Kwa hiyo sahani haionyeshi wote. Pia kuna mdudu mwengine, chawa wa nyuki, ambaye watu humdhania kuwa varoa. Chawa ana miguu sita na hupenda kukaa kichwani kwa nyuki, hasa malkia. Varoa ana minane na umbo lake limelala kwa upana. Nimewahi kusikia mtu akitangaza janga kwa sababu ya chawa.

Sasa tuje kwenye dawa. Marekani, wafugaji wengi hushtuka hesabu ikifika tatu kwa mia, wakatia vipande vyenye kemikali mzingani. Namba hiyo imewekwa kwa nyuki wa kizungu, ambao wakiachwa na varoa bila msaada kundi huangamia mara nyingi ndani ya miaka michache. Nyuki wetu si hao. Mwaka 2010 watafiti wa Kenya na wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walipima mizinga katika maeneo 24 ya nchi hii, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Waliukuta utitiri karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Palipokuwa na utitiri mwingi palikuwa na aina nyingi za virusi, lakini makundi yenye utitiri mwingi hayakuwa madogo kuliko mengine. Walikuwa wakiishi nao. Afrika Kusini nako, ambako wengi hawakutia dawa, nyuki walipata shida miaka ya mwanzo kisha wakaumudu.

Ndiyo maana nawaogopa wauzaji wa dawa kuliko ninavyouogopa utitiri. Ukimtibu kila nyuki kila msimu unawaweka hai wale dhaifu ambao wangekufa, na mbegu yao inaenea. Baadhi ya kemikali hizo hujificha kwenye nta miaka na miaka. Ulaya na Marekani utitiri umeshazizoea dawa kadhaa, ikabidi zitafutwe nyengine. Sisi tunataka kuianza safari ile ile, tena kwa mkopo wa kikundi?

Wapo watakaosema basi kama nyuki wetu wanaumudu, kuhesabu kwa nini? Kwa sababu utafiti ule ule ulikuta utitiri unazidi kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari. Kiriaini na vilima vya Mlima Kenya wako upande mbaya wa mstari huo, na vilima vya Taita, ambavyo ni Pwani yetu hiyo hiyo, navyo viko juu. Kundi linaloumudu utitiri kwenye msitu wenye maua huenda lisiumudu likikosa chakula au likipuliziwa sumu ya mashambani. Mzee wa Kiriaini akiona namba inapanda mwezi hadi mwezi kwenye mzinga mmoja, hagawanyi kundi hilo. Huzalisha kutoka kwa lile ambalo namba yake imetulia. Hiyo ndiyo dawa yake, na hainunuliwi.

Sisi wa mikokoni na minazini tuna utitiri mchache pengine, lakini tusijisifu. Watafiti wale walikuta vimelea vya tumbo la nyuki viitwavyo nosema katika maeneo manne tu, na matatu kati yake yalikuwa Pwani. Hivyo sukari haivioni, vinataka darubini. Na tuna bandari. Juni 2022 Australia iliugundua utitiri wa varoa kwenye mizinga ya ulinzi iliyowekwa makusudi bandarini Newcastle, wakateketeza maelfu ya mizinga, na Septemba 2023 wakakubali kwamba hautaondoka. Mizinga ya namna hiyo Kilindini ingetuonya juu ya mengine yanayokuja, kwa gharama ya fremu chache na mtu wa kuzikagua.

Kaunti zinazoandaa bajeti ya mizinga ziongeze chupa moja na mafunzo ya asubuhi moja kwa kila kikundi. Afisa wa mifugo akija, aulizwe namba za mwezi uliopita kabla ya kuulizwa kilo za asali.

Mwenye mzinga wa gogo asiseme hili halimhusu kwa vile hana fremu. Wakati wa kurina, kata kipande kidogo cha sega la madume, lile lenye seli kubwa zilizotuna juu, maana utitiri huwapenda madume zaidi kwa kuwa hukaa kwenye seli siku nyingi. Fungua seli kwa kijiti, moja moja, mvute jana nje. Jana ni jeupe kama maziwa. Ukiona nukta nyekundu juu yake, umeupata. Zihesabu seli ulizofungua na zile zilizokuwa na utitiri, uandike zote mbili.