Hijabu shuleni: Marufuku humwumiza nani?

MACHI 2004, Ufaransa ilipitisha sheria ya kukataza alama za dini zinazoonekana waziwazi katika shule za serikali. Haikuitaja hijabu peke yake, kwani kofia ndogo ya Kiyahudi na msalaba mkubwa navyo vilizuiwa. Lakini waliobeba mzigo mzito ni wasichana wa Kiislamu.

Waliotunga sheria hiyo walitaka shule iwe mahali ambapo mtoto hashinikizwi kidini na yeyote. Hoja hiyo ina uzito. Wapo wasichana wanaovalishwa kwa lazima, na mzazi mkweli hawezi kulikana hilo.

Tatizo ni matokeo. Mwaka 2020, watafiti Aala Abdelgadir na Vasiliki Fouka walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa marufuku hiyo ilipunguza uwezekano wa wasichana wa Kiislamu kumaliza sekondari. Hilo linagusa pia afya ya familia. Msichana anayebaki shuleni huchelewa kuolewa na kuzaa, na akiwa mama, watoto wake huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kukua vizuri.

Sheria ya pili, ya mwaka 2010, ilikataza kuficha uso hadharani, faini ikiwa hadi euro 150. Mwaka 2014, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliikubali. Kisha corona ikaingia mwaka 2020, na abiria asiyevaa barakoa kwenye treni akatozwa euro 135. Hapo sheria haikujipinga, maana tangu mwanzo iliruhusu kufunika uso kwa sababu za kiafya. Ila ilidhihirika kuwa kinachosumbua si uso kufunikwa, bali sababu ya kuufunika.

Serikali ina haki ya kuweka mipaka pale penye sababu ya wazi: picha ya pasipoti, utambulisho kwenye chumba cha mtihani, usafi kwenye chumba cha upasuaji. Kitambaa kichwani mwa mwanafunzi anayesikiliza somo la hesabu hakimzuii yeyote kujifunza.

Na kama hofu ni kulazimishwa, aadhibiwe anayelazimisha. Sheria hiyohiyo ya 2010 inampa mtu anayemlazimisha mwingine kuficha uso kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 30,000, na adhabu huongezeka maradufu aliyelazimishwa akiwa mtoto. Hapo ndipo mkono wa serikali unapofaa kuwa mzito.

Mzazi naye ana kazi yake. Kabla ya kununua sare, soma kanuni za shule kuhusu mavazi, na penye utata zungumza na mwalimu mkuu mapema. Kisha kaa na binti yako, umuulize anajisikiaje na anachovaa, na umsikilize hadi amalize. Binti aliyezoea kusikilizwa nyumbani hatashindwa kusema siku atakapolazimishwa kuvaa, au kuvua.